Ugonjwa Usio na Homa

Jumapili, 19 Mei 1974
Mume wangu Anatory hakuja misa. Tena! Kwaya bila besi yake ni nyumba iliyoezuliwa. Niliporudi nilimkuta vilevile nilivyomwacha, ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Misa nzima imepita, na soksi bado mkononi.
Nikamwuliza anaumwa wapi. Kasema hajui. Si kichwa, si tumbo. "Nimechoka tu, Mama Jovita."
Kuchoka na nini? Tangu Kwaresima hajashika jembe.

Jumanne, 28 Mei
Kahawa imeiva. Kijiji chetu chote cha Kishanda wanachuma. Yetu inaanguka yenyewe chini ya migomba. Baada ya vipindi vyangu shuleni nimechuma mimi na watoto mpaka vidole vikanata. Anatory alisimama mlangoni, akatutazama, akarudi ndani.
Nikamfuata. Nikamwita mvivu, kwa sauti, majirani wasikie! Hakujibu. Angenitukana ningepata nafuu.
Hali chakula. Anasema matoke ni kama kutafuna karatasi.

Jumamosi, 1 Juni
Mama mkwe, Ma Kokugonza, kampeleka mwanawe kwa mganga. Amerogwa, anasema, wivu wa kibanja, hili shamba letu la migomba na kahawa. Wamemchanja kifuani, wakampaka dawa nyeusi. Anatory kaenda kama mbuzi anayevutwa. Hilo ndilo lililonitisha. Anatory wangu, mtu wa kanisa, angegombana na mganga mpaka jioni.

Jumatano, 5 Juni
Katibu wa kijiji, Karugendo, kaja shuleni. Mbele ya watoto wa darasa la nne! Mume wangu haonekani shamba la ujamaa. Nchi iko vitani na njaa, yeye kalala. "Wewe Mwalimu si ndiye unayewafundisha hawa kwamba Uhuru ni Kazi?"
Kasema wavivu wote wataitwa barazani.

Jumapili, 9 Juni
Nilikuwa namenya ndizi. Anatory kakaa karibu yangu, nikafurahi. Akasema, taratibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa: mimi na watoto tungekuwa na nafuu bila yeye.
Nikaendelea kumenya. Sikujua mikono ifanye nini kingine.
Nimeondoa kamba zote stoo. Sitaandika kwa nini.

Jumanne, 11 Juni — Nshambya, Bukoba mjini, kwa dada yangu
Nimemleta mjini. Basi na vumbi hadi Bukoba.
Hospitali tumeonana na Daktari Ranjan, Mhindi kijana aliyezaliwa hapa hapa. Kampima damu, choo, mapafu. Hakuna kitu. Nikadhani atatufukuza. Badala yake kavuta kiti, kakaa mbele ya Anatory, akaanza maswali.
Unalala? — Naamka usiku mkubwa, silali tena.
Wakati gani mbaya zaidi? — Asubuhi.
Kuna kitu kinachokufurahisha? — Anatory kafikiri sana. Kisha: zamani, kuimba.
Halafu: "Umewahi kutamani kufa?"
Nikaruka! Nikamwambia, daktari, maneno gani hayo, utampa wazo! Kasema hapana, mama, kuuliza hakumpi mtu wazo. Kunamtua mzigo.
Anatory kasema, "Kila siku." Akalia. Kilio kikubwa, mabega yote yakitikisika. Mimi nilikuwa nimejua na sikuwa nimejua.
Daktari hakushtuka. Kasema huu ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Si uvivu, si uchawi, si dhambi. Kwa Kiingereza ni dipresheni. Kwa Kiswahili? Kasita. Huzuni, kasema, lakini huzuni ina sababu na hupita. Nikasema: kusonona? Mtu anayesononeka ndani kwa ndani. Kaitikia kwa kichwa. Labda ndilo.
Kauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Anatory hajui. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo.
Katoa vidonge. Nivitunze mimi, si yeye. Tusitazamie nafuu upesi, itachukua wiki kadhaa. Tulipokuwa mlangoni kaniita pembeni: mara nyingine nguvu hurudi kabla ya moyo. Mtu anapata nguvu za kutenda lile alilokuwa analiwaza tu. Siku hizo, usimwache peke yake.
Basi dawa yenyewe inaweza kutufikisha huko? Sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi, 20 Juni
Hakuna nafuu. Mdomo umemkauka, mikono inatetemeka, choo hakipati. Ma Kokugonza anasema ninamlisha mwanawe sumu ya Wahindi. Anatory naye anataka kuacha. Nimempigia magoti. Mimi, mbele ya mume wangu, na kidonge kiganjani! Kakimeza. Kwa kunihurumia tu, nadhani.

Jumamosi, 22 Juni
Baraza. Nimekwenda badala yake. Karugendo kauliza anaumwa nini. Nikasema ni ugonjwa wa moyo kusononeka, daktari kathibitisha.
"Ana homa?"
Hana.
"Ugonjwa gani hauna homa?"
Wakacheka. Sauti nyuma: basi ni mwehu!
Nichague nini — mvivu au mwehu? Nikasema: ni mgonjwa. Nikasema tena. Wakampa hadi mwezi ujao awe amerudi shambani.
Nyumbani Ma Kokugonza hakunisalimia. Nimeutangaza wehu wa ukoo, kasema. Jovita ataolewa na nani?

Jumapili, 30 Juni
Amelala mpaka kukapambazuka! Amekula, akasogeza sahani aongezewe. Watoto wanaruka. Mimi sirukii chochote, namfuata kama kivuli. Hata chooni nasimama nje nikijifanya nafagia.
Ma Kokugonza kaniona. Akachukua ufagio mikononi mwangu. Kwa Kihaya, sauti ya chini sana: baba yake Anatory alikuwa hivi hivi. Msimu mzima kitandani. Kisha siku moja akaamka mzima, akala vizuri, akawaaga wote, akaenda ziwani. "Tulisema alizama. Mtu aliyeogelea tangu utotoni!"
Akafagia. Akafagia pale pale palipokwisha kuwa safi.

Jumatano, 3 Julai
Asubuhi. Nimevaa tayari kwenda shule. Anatory katoka chumbani amenyoa ndevu! Kachukua kikapu, kaenda kibanjani, nikamwona anachuma. Nikafikiri: Bwana asifiwe. Nikafikiri pia yale mengine.
Akarudi kikapu kikiwa nusu. Akakiweka chini. "Mama Jovita. Nguvu zimerudi. Lile wazo halijaondoka. Leo usiende shule."
Hajawahi kuomba. Tangu ugonjwa huu uanze, hajawahi kuniomba kitu.
Nimemtuma Jovita kwa mwalimu mkuu. Tumekaa jikoni, yeye na mimi. Kashika mkono wangu wa kushoto, naandika kwa wa kulia ili nao upate kazi. Basi la Bukoba ni la mchana. Tukilipata, jioni tutakuwa kwa daktari.
Karugendo kafika na mgambo. Nawasikia uani. Kuna aliyemwona akichuma kahawa yake mwenyewe. "Mgonjwa gani ananyoa ndevu? Atoke, twende shamba la ujamaa!"
Ma Kokugonza kasimama mlangoni, namwona mgongo tu, kaziba mlango wote kwa vitenge vyake. Anasema: "Mwanangu anaumwa."
Wanasema ana nini.
Anasema, kwa Kiswahili, yeye asiyependa Kiswahili: "Ana ule wa baba yake."
Kisha Karugendo anamwambia, kwa heshima ya Kihaya, apishe, waitu, asiwalazimishe kutumia nguvu. Hapishi. Anatory anainuka, anasema bora aende nao, aibu iishe. Namvuta. Anakaa. Anainuka tena — naweka kalamu, nimshike kwa mikono yote miwili.