Spika ya Kufukuzia Ndege

Mamba, Katavi.

Kwa Kaka yangu Shabani,

Shikamoo Kaka. Mimi mdogo wako ni mzima kila mahali isipokuwa sauti, na nitakueleza ilikopotelea. Ndiyo maana tangu jana unapiga simu sipokei, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Mama anaendeleaje na mguu? Wifi yangu na watoto hawajambo?

Kwanza naomba uache kunitumia zile linki zako za mbinu za kisasa za kufundishia. Wewe unafundisha Korogwe mjini, umeme upo, mtandao upo, na watoto wapo darasani. Mimi hizo habari nilishazishiba kwenye semina.

Tuliitwa Mpanda mjini, kwenye ukumbi mmoja pale Shanwe. Mwezeshaji alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha, kila neno la tatu la Kizungu. Akatuonyesha ukutani tovuti za video, za maswali, za michezo ya hesabu. Akasema siku hizi mtoto anatazama somo nyumbani kwenye simu, darasani anakuja kujadili tu. Mwalimu mmoja wa Inyonga akanyoosha mkono.

"Samahani, nyumbani kwa nani?"

"Hiyo ni challenge, Mwalimu, tutaiangalia," akajibu, akaleta picha nyingine.

Tukampigia makofi, maana chai ilikuwa imeshafika. Walimu wazima, Kaka! Debe tupu haliachi kuvuma, lakini sisi tuliolishangilia ndio wajinga zaidi.

Kila shule ikapewa spika moja ya kuchaji kwa sola, na flashi ya masomo. Nikayafungulia darasa la saba. Yote Kiingereza cha puani, wakati watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili chenyewe wengine wamekikuta shuleni. Hesabu ya kwanza ilihusu treni za chini ya ardhi. Watoto wakacheka mpaka wakalaza vichwa mezani. Na kuna mtu alilipwa kukusanya takataka zile, akaenda kulala usingizi.

Waliocheka wenyewe walikuwa nusu ya darasa. Nusu nyingine ilikuwa kwenye mpunga. Huku mpunga ukianza kukomaa, ndege wa kwelea kwelea wanashuka kama mvua, na kazi ya kuwaamia ni ya watoto: wanashinda shambani wakipiga madebe na kelele mpaka mavuno. Kabula, mwanafunzi wangu bora kuliko wote, naye alikuwa huko. Mwaka huu ana mtihani wa kumaliza. Dada yake alifeli, akaolewa kabla mwaka haujaisha, na Kabula anajua kinachomsubiri.

Siku moja mama yake akaja shuleni mwenyewe.

"Mwalimu, nyie mna lile lidude la kelele. Nipe hilo, mimi nakupa Kabula."

Nikamtazama mwalimu mkuu. Akageukia dirishani, nikajua amekubali.

Spika ikawekwa juu ya kichuguu katikati ya mashamba. Kiingereza cha puani kikalia, ndege wakaruka wote! Nadhani ndiyo mara ya kwanza somo lile kueleweka. Wazazi wa mashamba ya jirani nao wakawaachia watoto wao, darasa langu likajaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Nilifurahi, Kaka, sikufichi.

Kisha yule wa viatu vyenye ncha akaja kukagua, simu mkononi tayari kwa picha.

"Madam, spika iko wapi?"

"Iko shambani, inafundisha ndege."

Hakucheka. Akaniambia hayo ni matumizi mabaya ya vifaa vya TEHAMA. Nikamwambia ageuke awaone wanafunzi waliojaa nyuma yake. Hakugeuka. Akaifuata spika kichuguuni, viatu vikaishia kwenye tope, akaipakia kwenye gari akaondoka nayo. Namdharau yule kijana kwa moyo wangu wote, na sitaomba radhi.

Kesho yake nikafundisha madawati matupu. Nikaenda kwa mama Kabula kumbembeleza. "Mwalimu, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Lidude limeondoka, mtoto amerudi kwenye ndege. Tutakula nini?"

Nikabeba ubao mdogo, nikamfuata Kabula huko huko. Siku hizi darasa la saba liko kwenye majaruba ya mpunga. Nasimama juu ya tuta napayuka, "Saba mara nane!" Watoto wanaitika kutoka kila shamba, "Hamsini na sita!" na kundi zima la ndege linapaa. Spika ni mimi, Kaka, na sichajiwi kwa sola.

Basi jana sauti ikakatika katikati ya swali. Nikafungua mdomo, kimya. Ndege wakaanza kushuka. Kabula akapanda tuta, akachukua chaki mkononi mwangu, akaendelea kuuliza yeye, kwa sauti niliyokuwa siijui. Nikakaa chini kwenye majani, nikawa naitika kwa kunong'ona pamoja na wengine.

Nisalimie Mama, umwambie sijaumwa, nimechoka koo tu. Nisalimie wifi, na baba mdogo fundi cherehani. Na ukipata mtu wa kuja huku, usinitumie linki. Nitumie asali na tangawizi. Au acha asali, Inyonga ipo tele. Tangawizi tu, na chaki.

Ni mimi mdogo wako, mwalimu wa majarubani,
Saumu