Unataka Kuamua Nini?

Mdogo wangu,

Vitambaa ulivyonitumia vimefika, na goti langu limepata nafuu.

Binti yako hajambo, tena hajambo kupita kiasi. Taarifa ya wiki ya kiwanda chetu cha sabuni, kama unavyojua, nilikuwa nikiiandika mimi: kurasa kumi na mbili, kila koma mahali pake. Wiki iliyopita meneja alilalamika kwamba haoni anachokitafuta. Nikamwuliza, kama siku zote, "Unataka kujua nini?"

"Kila kitu."

Binti yako, aliyekaa meza ya pili ofisini, akadakia, "Bosi, Jumatatu asubuhi unataka kuamua nini?"

Meneja akafikiri. "Mashine ipi isimame, na mteja yupi apelekewe mzigo kwanza."

Kesho yake msichana akaleta ukurasa mmoja tu. Niliupitia kwa kalamu nyekundu nikitafuta kosa la sarufi. Halikuwamo. Roho iliniuma kuliko goti.

Sasa taarifa ni yake. Jana alinijia mezani: "Mama mkubwa, utaipitia kabla sijaipeleka?" Nikamjibu kwamba nina kazi nyingi.

Sina hata moja. Usimwambie nimesema hivyo; mwambie tu aniombe tena.

Ni mimi,
mkubwa wako