Pembeni mwa Kitabu cha Kumi na Moja

Jumanne, tarehe 5, mwezi wa nane

Vumbi tena juu ya meza. Malori ya madini yanapita tangu asubuhi na dirisha la ofisi ya parokia halifungi vizuri. Nimeandika vyeti vinne vya ubatizo, nimepiga mihuri, nimepiga miayo. Kazi ni ileile: kutafuta kitabu, kufunua kurasa, kufuata majina kwa kidole mpaka macho yaume. Vitabu ni ishirini na viwili. Watu wanasubiri kwenye benchi na kunitazama kana kwamba majina yao nimeyaficha mimi.

Fabien hajapiga simu tangu Ijumaa. Huko Dilolo mpakani mtandao ni wa shida. Nimemsamehe.

Jumamosi, tarehe 9

Programu yangu ya kwanza imetembea! Nimefurahi kama mjinga.

Tata Ngoie, fundi mstaafu wa mgodini anayetufundisha kompyuta kila Jumamosi katika ukumbi wa parokia, alitupa zoezi: mashine iandike jina la mtu. Neno moja la Kiingereza, mabano, alama mbili za kunukuu. Nilisahau alama moja. Mashine ikanijibu kwa maandishi mekundu, wamama wa darasani wakacheka. Nikarekebisha, nikabonyeza. Ikaandika: Fabien.

Wakacheka zaidi. Sikujali. Mwaka jana wajomba zake walikuja nyumbani kufungua mlango, yaani kuniposa. Mama akapokea kitenge, baba akanywa nao bia, na tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita bibi ya Fabien. Mwezi ujao wanarudi kumaliza mahari. Yeye anafanya biashara huko mpakani ili tuanze maisha na kitu.

Jumatano, tarehe 13

Nimemwambia Tata Ngoie nataka programu ya kweli sasa. Niandike jina, mashine inipe kitabu, ukurasa na namba. Majina ya vitabuni nayanakili kwenye mashine ya ofisi tangu mwaka jana, kidogo kidogo, kila benchi likiwa tupu. Amesema inawezekana. Amenifundisha "kama" na "la sivyo". Kama jina limo, onyesha. La sivyo, andika Hayumo.

Nimejaribu majina kumi. Hayumo. Hayumo. Hayumo. Wakristo wote wa Kolwezi wamekuwa wapagani kwa siku moja. Umeme ukakatika kabla sijaona kosa. Bwawa la umeme la Nzilo liko hapo karibu, na mashine yangu imelala.

Jumamosi, tarehe 16

Kosa lilikuwa langu. Hapa kwetu mtu akitaja jina lake, la nyumbani linatangulia na la Kikristo linakuja mwisho. Kasongo Mwepu Fabien. Mapadri wa zamani waliandika kinyume, la Kikristo mbele. Nilinakili kama walivyoandika, kisha nikauliza kama tunavyosema. Mashine haijui kwamba ni mtu yuleyule.

Nikageuza. Fabien Kasongo Mwepu. Kitabu cha 11, ukurasa wa 84, namba 212. Nikapiga makofi peke yangu.

Ukurasa huo naujua kwa moyo. Huwa naufunua ofisi ikiwa tupu. Pembeni mwa kila jina kuna nafasi nyeupe, humo inaandikwa ndoa ya mtu: amefunga na nani, wapi, lini. Ya Fabien ni nyeupe bado. Kalamu nimeshaichagua. Iko kwenye droo, haiguswi na mtu.

Jumatatu, tarehe 25

Barua kutoka parokia ya Dilolo. Nimeifungua kama ninavyofungua zote.

Wanaomba cheti cha ubatizo cha Fabien Kasongo Mwepu, kwa ajili ya ndoa. Bibi harusi anaitwa Rosalie. Jina lake lote liko pale. Siliandiki hapa.

Nimeisoma mara nne. Nimeikunja, nimeiweka kwenye meza ya padri kama zote. Kisha nimeandika cheti cha mtoto wa mtu.

Jumanne, tarehe 26

Simu yake imezimwa.

Alijua. Hilo ndilo linaloniua. Alijua kwamba kila barua ya parokia hii inapita mkononi mwangu. Akashindwa kuniambia kwa mdomo wake, akaacha karatasi iniambie. Mwoga. Nampenda bado. Naandika yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Mama ameuliza tuchinje kuku wangapi siku ya wajomba. Nimesema tutaona.

Jumatano, tarehe 27

Nimefanya jambo baya.

Nimeongeza mstari kwenye programu. Kama jina ni Fabien Kasongo Mwepu, andika Hayumo. Umetembea mara ya kwanza, sikusahau hata alama moja. Mwalimu wangu angenionea fahari.

Padri amekuja kuuliza habari ya barua. Ni mgeni, alitoka upande wa Musumba baada ya Pasaka, hajui mambo yangu na mtu yeyote. Nikaandika jina mbele ya macho yake. Hayumo. Akaamini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia wiki iliyopita kwamba siku za kufunua vitabu zimekwisha. Sasa anatafuta jamaa wa Fabien awaulize alibatizwa wapi, na akikosa jibu atawaandikia Dilolo kwamba hatumjui.

Bila cheti hawafungi ndoa. Acha Rosalie naye akae kwenye benchi asubiri.

Ijumaa, tarehe 29

Mama Henriette amekuja ofisini. Mama yake Fabien. Padri alimpata.

Siku zote ananiita bukwe, mkwe wake. Leo ameniita mademoiselle, kama binti wa watu tu. Alivaa kitenge cha kanisa na hakukaa mpaka nilipomwomba. Amesema ya Dilolo ameyajua wiki hii tu, sawa na mimi. Nimemwamini. Macho yake yalikuwa yamevimba kama yangu.

Kisha akanisimulia siku ya ubatizo. Sikuwahi kuisikia. Mume wake alikuwa amekufa mgodini, watu wa matanga walikuwa bado wamelala uani, na wakwe zake walimkataza kutoka na mtoto kabla matanga hayajaondolewa. Akatoka. Alitembea mpaka hapa na Fabien mgongoni, akajibu maswali yote ya padri peke yake, akarudi nyumbani kutukanwa. Anasema tangu siku hiyo alijua kwamba anaweza kuishi.

"Mi siko na uso ya kukuangalia," aliniambia. "Lakini ukiandika kwamba hakubatizwa, haiko yeye ndiye unafuta. Ni mi."

Hakulia. Mimi nililia. Sikumwambia juu ya mstari wangu. Nadhani alijua kuna kitu, maana alinishika mkono muda mrefu na hakuniuliza lolote.

Alipoondoka niliufuta mstari. Nikaandika jina, nikabonyeza. Kitabu cha 11, ukurasa wa 84, namba 212. Programu yangu ilikuwa haijawahi kutumika kwa kazi ya kweli. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza.

Nikajaza cheti. Chini kabisa kuna sehemu ya kunakili yaliyoandikwa pembeni mwa kitabu, ili Dilolo wajue kwamba mtu yuko huru. Nikafunua, nikatazama ile nafasi nyeupe kwa mara ya mwisho ikiwa nyeupe. Nikaandika: hakuna.

Padri akasema mashine zina matatizo yake. Nikamwambia si mashine, ni mimi. Akanitazama. Akapiga muhuri.

Jumapili, tarehe 31

Nimewaambia nyumbani. Baba ametoka. Mama amekwenda bandani na kuwamwagia kuku mahindi mengi kuliko siku zote.

Sikwenda misani. Moyo unauma mahali hasa ulipo. Nilidhani watu wanasema tu.

Jumamosi, tarehe 13, mwezi wa tisa

Nimerudi darasani. Wamama hawakucheka na hawakuuliza, kwa hiyo wanajua. Nimemwomba Tata Ngoie anionyeshe jinsi ya kuongeza safu moja: mashine ikitaja ukurasa, itaje pia yaliyo pembeni. Imetuchukua asubuhi nzima. Nilikosea mara nyingi. Ni vizuri kukosea kitu kinachorekebishika.

Kitenge cha wajomba tumemrudishia Mama Henriette. Mama alikipiga pasi kwanza.

Jumanne, tarehe 14, mwezi wa kumi

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala. Nimeziba dirisha kwa gunia ili vitabu visilowe.

Barua ya Dilolo imefika. Ndoa imefungwa, wametuma tarehe na majina ya mashahidi, kama inavyotakiwa, ili parokia ya ubatizo iandike kwenye kitabu chake. Nimetoa kitabu cha kumi na moja. Nimetoa ile kalamu ya kwenye droo. Ukurasa wa 84. Nimeandika jina la Rosalie lote, bila kufupisha, kwa mwandiko wangu mzuri. Nafasi imetosha. Nimesubiri wino ukauke, nimefunga kitabu.

Kisha nimeyaingiza kwenye mashine. Nimejaribu kama safu mpya inatembea. Jina la Fabien sikuligusa. Nimeandika la kwangu, la Kikristo mbele, kama walivyoandika mapadri.

Kitabu cha 13, ukurasa wa 30, namba 61. Pembeni: hakuna.

Inatembea. Nimelifuta jina kwenye kioo cha mashine. Watu watatu walikuwa kwenye benchi, wamelowa. Nimemwita wa kwanza.