Koo la Kushoto

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, na paka amekirithi kiti chako. Wiki hii nimeletewa gari lenye injini ya rotari, ile isiyo na pistoni, likitetemeka kama lina homa. Nikajua kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli, haivuti hewa sawasawa kwa makoo yake mawili. Nikachukua kipande cha bomba la mpira, nikasikiliza kila koo la kabureta kwa sikio la upande wake, kama babu yako alivyonifundisha. La kulia lilivuma, la kushoto lilinong'ona. Siku tatu nikalifungulia hewa hilo la kushoto, na gari likazidi kutetemeka.

Jana mkono wa kushoto ulichoka, nikalisikiliza koo hilo la kushoto kwa sikio la kulia. Lo! Lilinguruma kuliko mwenzake. Nikayasawazisha yote kwa sikio hilohilo, gari likatulia tuli. Kibovu ni sikio langu la kushoto.

Nilimwambia fundi rangi wa jirani. Hakucheka. "Mzee, mwaka mzima tunakuita, unatutabasamia tu."

Simu zako huwa nazisikiliza kwa sikio hilo la kushoto. Jumapili uliniuliza jambo, nikajibu, "Sawa, mwanangu." Ukakata simu.

Mwanangu, uliniuliza nini?

Sasa simu naishika kulia.

Baba yako