Goti la Shefu na Bariyeri ya Mvua

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Simu kutoka Kindu! Wiki hii anakuja mpimaji kuangalia kama ofisi yetu ya barabara hapa Kabambare inaamua mambo kwa utafiti. Tukifeli, kitengo cha utafiti kinafungwa. Kitengo chenyewe ni mimi. Mimi na kiti.

Na tunaamua nini? Mvua ikinyesha tunashusha bariyeri, magari yasichimbe matope. Njia ikikauka tunaiinua. Nani anajua imekauka? Goti la Shefu Evariste, mkuu wa ofisi. Likiuma, magari yalale. Likitulia, yaende. Naogopa, jamani.

Jumanne, 4 Novemba
Mpimaji kafika, Madamu Pascaline, na gari lake la jipu. Kaomba data za mvua. Nikampa kwa madaha — napima kila asubuhi, sijakosa! Kasoma. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Kauliza kama Kabambare ni jangwa.

Chombo cha kupimia kiko barazani, chini ya bati. Shefu ndiye aliyekiweka pale, eti ni mali ya serikali, kisilowe. Na mimi mwaka mzima nimeandika sufuri huku nimeshika mwavuli. Aibu ilinishika mpaka masikioni. Habari ya goti nayo Madamu akaicheka hadi machozi.

Jumatano, 5 Novemba
Chombo kimehamia uwanjani. Shefu amenuna, hajanisalimia. Mchana manyunyu — data ya kwanza! Nikakimbia kumwita Madamu. Tuliporudi, mbuzi wa jirani yetu Mama Viviane alikuwa amekiangusha, analamba. Madamu akaandika kitu. Kirefu.

Alhamisi, 6 Novemba
Usiku mvua kubwa. Chombo kimejaa pomoni (mbuzi tulimfunga). Bariyeri iko chini. Na Madamu lazima aondoke leo: kesho mdogo wake anaolewa Kasongo, na gauni la bibi harusi limo ndani ya jipu!

Shefu akanyoosha mguu, akausikiliza.

"Goti yangu haiko inauma. Mufungue, apite."

Nilidhani Madamu atacheka tena. Wapi! Akasema goti la mutu muzima si la kudharau. Kisha akanigeukia. Alama zetu bado hajaziandika.

"Mama Chimène, weye ndiye mutu wa utafiti. Njia iko namna gani?"

Mwaka mzima nimetamani kuulizwa swali hilo. Nikasema ningojeni, nikapime. Sasa nimesimama ng'ambo ya bariyeri, fimbo imezama mpaka karibu na mkono wangu, najifanya naandika vipimo. Jibu ninalo. Jipu halitafika hata kwenye kona. Nikilisema, harusi haina gauni na mimi sina kazi. Nikinyamaza, wanazama.

Dereva wa Madamu amewasha injini. Shefu ameshika kamba ya bariyeri. Madamu amechoka kungoja, anakuja huku mwenyewe kuniuliza — hatua moja, ya pili, ya tatu — ya tatu mguu umetoka, kiatu kimebaki chini. Anatazama matope. Ananitazama mimi. Nachomoa fimbo, nampa aone matope yamefika wapi.