Kuku mweusi asiguswe

Izabayo na Mucyo,

Maharagwe iko ku moto, muongeze maji.

~~Ule kuku mweusi mumuchinje leo.~~ Hapana! Musimuguse.

Asubui bamama ba maombi walikuwa hapa, tumefunga macho, mara nyuma ya nyumba kitu ikalia kama mulevi anayetapika. Maman Emerance akaanza kufukuza pepo. Nikatoka: ni ule mweusi tuliyeuziwa kama jike, anajaribu kuwika! Nikacheka katikati ya maombi, Mungu anisamehe.

Emerance hakucheka. «Dada, jike akiwika anaita kifo. Mukate shingo.»

Nikaogopa, ndiyo nikaandika ile ya juu. Lakini nimerudi kumuangalia vizuri: kilemba kimekuwa chekundu, manyoya ya shingo marefu. Ni jogoo kijana, sauti inamuvunjikia tu. Ya Mucyo ilikuwa mbaya kuliko hiyo, na hatukumuchinja.

Tena, Papa yenu alipokufa, hapa hakukuwa kuku hata mumoja.

Emerance akirudi, mumupe chai. Akiomba kisu, mumwambie iko kanisani na mimi, mu sakoshi yangu ya mukono, chini ya Biblia.

Maman yenu