Nilivyouza Vidole vya Kimanzi

Jumapili jioni, Mbumbuni.

Leo jua limewaka kama limelipwa. Wingu lilikuwa moja tu, lilisimama juu ya kanisa asubuhi, likatudanganya, likaenda zake. Vumbi limeingia mpaka kwa masikio, magoti yanauma, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Ndiyo maana naandika. Lakini hii furaha ilianza na aibu, kwa hivyo wacha nianze na aibu.

Kwanza tujuane. Mimi ndiye mpiga picha wa bendi namba moja kutoka Mwingi mpaka Mtito Andei. Sio mimi nasema, waulize watu. Shule niliiwachia form two, lakini nimeishi Mombasa, nimefika Kampala, na Mtito Andei nimelala mara nyingi kuliko lori. Kuna wapiga picha huku wana diploma. Picha zao, mwimbaji amefungua mdomo kama mtu yuko kwa daktari wa meno. Mimi nikipiga bendi, unashika picha na mguu wako unaanza kucheza wenyewe.

Sasa aibu.

Rafiki yangu Kimanzi anapiga gita la solo kwa bendi ya Mwende. Mwende ndiye mwimbaji na ndiye mwenye bendi, lakini watu wakitoka mbali wanamfuata Kimanzi. Gita lake lilikuwa na sauti ambayo hakuna mwingine alikuwa nayo: fupi fupi, kavu, tak tak tak, kama mvua ya kwanza kwa mabati. Hakuna mtu alijua anaitoa wapi. Wapiga solo wa huku wako hivyo. Ukisogea karibu na anajua wewe pia unashika gita, anakugeuzia mgongo. Kuna mmoja namjua anapiga wimbo mzima akiangalia ukuta. Sio madharau. Mtindo wa vidole ndio shamba la mtu.

Mimi sikuwahi kugeuziwa mgongo. Gita sijui, hata redio inanisumbua. Kimanzi aliniacha nikae pale kando ya goti lake, na nimekaa hapo miaka mingi, nikipiga picha.

Mwezi uliopita nikapata lenzi. Ilikuwa imetumika na mwingine, lakini kwangu ilikuwa bibi harusi. Katikati ya wimbo nikapiga mkono wa kulia wa Kimanzi, karibu kabisa. Asi! Ilitoka safi: kucha, jasho, kovu la panga kwa kidole gumba. Na chini ya nyuzi, kule mwisho, kipande cha tyubu ya baiskeli kimekunjwa na kusukumwa ndani.

Unafikiri niliona tyubu? Niliona lenzi yangu.

Nikaweka picha kwa ukurasa wangu wa mtandao, na maneno haya: "Ni nani mwingine Ukambani nzima anaweza kukuonyesha mpaka uchafu wa kucha?"

Watu waliipenda sana. Aliyeipenda kuliko wote ni mpiga solo wa bendi moja ya Kabati. Wiki iliyofuata alipanda jukwaani na kipande chake cha tyubu, na ile mvua ya mabati ikanyesha Kabati.

Kimanzi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinipigia simu, akauliza, "Umefurahi?" Halafu akakata.

Tangu hapo, show mbili, amenigeuzia mgongo. Nikienda kushoto, anazunguka kulia. Nina picha arobaini za shati. Alhamisi Mwende akaniita. Bendi inatoa albamu mpya, anataka picha ya kava, na kava bila uso wa Kimanzi si kava.

"Musyoki," akaniambia, "Jumapili mpatane huko Mbumbuni, ama Jumatatu natafuta mtu mwingine. Sitaki kuchagua kati ya gita na kamera. Lakini ukinilazimisha, kamera haiimbi."

Nikamwambia hakuna shida, harusi ziko nyingi. Hiyo ilikuwa mdomo tu. Chakula kilinishinda siku tatu, na wanaonijua wanajua hiyo ni habari ya kutangazwa. Sikuogopa kukosa kazi. Niliogopa kukosa pale kando ya goti. Kimanzi alinibebea vitu vyangu nikihama nyumba bila kuuliza nahama kwa nini. Mtu kama huyo nimemuuza ili watu wasifu lenzi.

Leo show ilikuwa ianze saa nane, makanisa yakishatoa watu, kwa uwanja ulio nyuma ya hoteli. Nikafika mapema na hotuba yangu kichwani. Kimanzi alikuwa kando ya jenereta, anakaza nyuzi.

"Ndugu yangu," nikaanza, "unajua hii lenzi yangu ni kali sana, hata wazungu..."

"Musyoki, hata msamaha unaomba ukijisifu?"

"Sikujua ule mpira ni siri."

"Uliuliza?"

"Nilidhani ni wa kushikilia gita lisianguke."

Mpiga drum alicheka. Kimanzi hakucheka. "Hiyo sauti niliitafuta miaka sita, nikaipata jikoni kwa mama yangu, nikipiga peke yangu. Wewe umeipeana na kidole kimoja." Akainua gita, akageuka. Nikabaki na hotuba na mgongo.

Show ikaanza. Nyimbo mbili za kwanza, shati. Ya tatu, Mwende akaanza kuita majina. Kwa bendi zetu, gita zikishashika kasi, mwimbaji anaimba watu walio mbele yake: mwalimu fulani, fundi fulani, bibi harusi wa juzi. Mimi nimeimbwa mara nyingi na sijawahi kushiba. Kwa hivyo niliposikia "Musyoki!", nikainua mkono juu, na meno yote nje.

Halafu nikasikia maneno yaliyofuata.

Aliimba kwamba Musyoki wa lenzi kubwa ameingia sokoni na beseni kichwani, na ndani ya beseni ni vidole vya rafiki yake. Vidole fresh, vya leo asubuhi, nani hajapata? Kabati wameshanunua, Mbumbuni mnangoja nini?

Uwanja ulilipuka. Nilicheka na midomo tu.

Ukiimbwa vibaya, una njia mbili. Unaweza kutoka, na wimbo unakufuata mpaka kwa watoto wako. Ama unaingia katikati na kuucheza mpaka wenyewe wakuachilie. Mwende akasema kwa maikrofoni, "Kamera weka chini!" Sijawahi kuingia uwanjani bila kamera. Nilijiona kama nimetoka bafuni bila taulo.

Nikampa kamera Mama Kanini, anayeuza chai hapo kwa mlango, na nikamwomba beseni lake la vikombe. Nikaliweka kichwani. Nikazunguka uwanja nikitingisha kiuno kama mama wa soko, nikiita, "Vidole! Vidole vya Kimanzi! Vimebaki viwili!"

Nyanya mmoja, bado na kitambaa chake cha kanisa, alikuwa anachungulia juu ya ua kama mtu aliyekuwa anapita tu. Akapiga kelele, "Mwanangu, mimi niwekee gumba!"

Watu walishika mbavu. Nikafika nyuma ya Kimanzi. Nikapiga magoti. Hapo hotuba ilikuwa imeisha yote, na utani pia.

"Nilikuwa najionyesha," nikasema. "Nilikuona wewe kama kitu cha kupimia lenzi. Nisamehe."

Spika zilimeza kila neno. Nikasimama, nikamkaribia sikio, nikarudia yote kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nikadhani nimemliza mtu mbele ya Mbumbuni yote.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakosa nyuzi, kitu ambacho sijawahi kusikia. Akageuka.

"Chukua kamera yako," akasema. "Uso piga. Mkono hapana."

Mimi nikauliza, sasa mkono nitautoa vipi kwa picha? Mama Kanini ndiye alimaliza hiyo kesi. Alifungua leso yake kiunoni, ile ya njano yenye maembe mekundu, akaifunga kwa mkanda wa gita, ikaning'inia mpaka chini. Mkono wa kulia wa Kimanzi ukaingia gizani. Akaanza kupiga hivyo, akinitazama usoni.

Nikarudi pahali pangu, kando ya goti.

Picha ndiyo hii hapa juu. Kimanzi anacheka, pengo la meno liko wazi, leso imefunika nusu ya gita, na Mwende nyuma ameinama ameshika tumbo. Mwende amesema hiyo ndiyo kava, hataki kuona nyingine. Nimeiweka hapa baada ya kumwuliza Kimanzi, na nilimwuliza mara mbili. Tena nasema bila aibu: mwenye diploma alete yake tuone.

Lakini kuna kitu kimoja. Chini ya leso gita halikuwa linatoa ile sauti ya Kabati. Lilikuwa linatoa nyingine, mpya, nzito kidogo, inakwaruza kama mtu anacheka na koo. Watu walitazamana. Katikati ya wimbo wa mwisho upepo uliinua leso kwa kona, na aliyekuwa karibu ni mtu mmoja tu.

Niliona kilicho chini ya nyuzi. Mimi, ambaye nikinunua soksi mtaa mzima unajua.

Mpiga solo wa Kabati ameshanipigia simu mara tatu tangu niweke picha. Inalia tena hapa kando ya kikombe. Wacha ilie.